Milima iliyotoka baharini: kosa nililolisema kwenye darsa, na historia ya Paa la Dunia



Ndugu zangu, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Mwenye kufundisha akikataa kusahihishwa, hapotei peke yake, anapotea na waliomfuata.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natoa darsa baada ya Alasiri, na mada ilikuwa milima. Hamasa ikanipanda, nikasema kwa sauti kubwa: "Ndiyo maana kwenye milima mirefu hukuti zilzala! Milima imeishika ardhi!" Watu wakapiga takbira. Nikajiona nimefundisha.

Nilipotoka, kijana mmoja alikuwa ananisubiri pale kwenye viatu. Anasoma jiolojia chuo kikuu. Hakunisahihisha mbele za watu, Allah amlipe kheri kwa adabu ile. Akanipa shikamoo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Ustadhi, samahani. Na Kashmir mwaka 2005 je?"

Sikuwa na jibu.

Tarehe 8 Oktoba 2005, asubuhi ya Jumamosi, siku za mwanzo za Ramadhani, ardhi ya Kashmir na kaskazini ya Pakistan ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 7.6. Pale ni chini ya milima mirefu kuliko yote duniani. Watu zaidi ya 70,000 walikufa, na miongoni mwao maelfu ya watoto waliokuwa wamekaa madarasani. Ndugu zetu, wengi wao wamefunga. Na mimi nimesimama mbele ya watu nikisema kwenye milima mirefu hakuna zilzala.

Nisikilize vizuri hapa. Maneno ya Allah ni haki. Yaliyokuwa mepesi ni maneno yangu mimi. Nilichukua aya tukufu nikaitundikia maelezo ambayo sikuwahi kuyasoma popote, niliyasikia tu kwenye video niliyotumiwa. Tangu siku ile nimekaa chini kusoma habari ya milima ile na uwanda mkubwa ulio nyuma yake, Tibet, unaoitwa Paa la Dunia. Leo nataka nikusimulie nilichojifunza. Jaalia chai yako, twende taratibu.

1. MZEE BIRUNI NA MAWE YA MTO

Tuanze na mtu wetu. Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, Asia ya Kati. Zama za Sultani Mahmud wa Ghazni alifika India, akajifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya nchi ile na watu wake, akakimaliza mnamo mwaka 1030.

Ndani ya kitabu hicho anaeleza jambo ambalo maelfu ya watu walikuwa wamelipita bila kulitazama. Ukichimba ardhi ya tambarare ya India, hata ukienda chini sana, unakuta mawe ya mviringo. Karibu na milima, mito inakoporomoka kwa nguvu, mawe ni makubwa. Ukienda mbali na milima, mito inapopunguza kasi, mawe yanakuwa madogo. Ukikaribia bahari, unakuta mchanga. Biruni akahukumu kwamba nchi ile zamani ilikuwa bahari, na mito ikaijaza kidogo kidogo kwa udongo na mawe kutoka milimani.

Na hakuishia India. Katika kitabu chake kingine alisema kwamba jangwa la Uarabuni nalo lilipata kuwa bahari, kwa sababu wachimba visima walikuwa wanakuta makombe ya baharini ndani ya mawe.

Zama hizo hizo aliishi Ibn Sina, na wawili hawa waliwahi kuandikiana barua za mijadala mikali ya elimu. Ibn Sina katika Kitab al-Shifa aliandika kwamba milima hupatikana kwa njia mbili: ama ardhi inainuliwa, kama inavyotokea katika zilzala kubwa, ama maji yanakata mabonde na kuacha penye mawe magumu pamesimama. Akasema hayo yanahitaji zama ndefu sana.

Sasa hapa nakuomba subira, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Utakuta mtu anasambaza ujumbe: "Biruni aligundua kutembea kwa mabara miaka 1,000 kabla ya Wazungu!" Hapana. Biruni hakusema mabara yanatembea, na Ibn Sina hakusema India iligongana na Asia. Waliona walichokiona, wakasema walichokiona, wakaishia hapo. Hiyo ndiyo heshima yao. Ukimvisha mwanachuoni kanzu isiyo yake, humtukuzi. Unamsemea uongo, na yeye amelala kaburini hawezi kukukanusha.

Lakini kuna jambo moja la ajabu. Biruni aliwahi kukaa kwenye ngome ya Nandana, katika Punjab ya Pakistan ya leo. Akapanda mlima pale, akapima pembe ya upeo wa macho, akatumia hesabu hiyo kupata ukubwa wa dunia. Mlima ule uko katika safu inayoitwa Milima ya Chumvi. Ile chumvi ya rangi ya waridi inayouzwa madukani kwa jina la chumvi ya Himalaya, sehemu kubwa inachimbwa kwenye safu hiyo hiyo, huko Khewra. Ni chumvi ya bahari ya kale sana iliyokauka. Na safu ile imeinuka kwa sababu India inaisukuma Asia, na tabaka za miamba zinateleza juu ya chumvi hiyo kama mtu anavyoteleza kwenye sakafu yenye sabuni. Biruni aliipima dunia nzima akiwa amesimama juu ya jibu, na jibu lilikuwa chini ya miguu yake. Binadamu tulihitaji miaka karibu 900 zaidi kulisoma.

2. TIMAZI ILIYOPINDA

Karne ya 19, Waingereza waliokuwa wanaitawala India waliamua kuipima nchi nzima. Kazi ilichukua miongo mingi, na mabegani mwa Wahindi wengi ambao majina yao hayasemwi. Radhanath Sikdar, Mhindi wa Bengal, ndiye aliyefanya hesabu mwaka 1852 zilizoonyesha kwamba kilele fulani kilichokuwa na namba tu ndicho kirefu kuliko vyote. Mlima ukapewa jina la bosi mstaafu, George Everest.

Tibet ilikuwa imefungwa kwa wageni. Basi walitumwa wenyeji waliofunzwa kupima kwa siri. Mmoja alikuwa Muislamu, Abdul Hamid, aliyevuka milima kwenda Yarkand mwaka 1863. Alikufa njiani akirudi, na maandishi yake yakaokolewa. Baada yake akaenda Nain Singh, aliyefika Lhasa mwaka 1866. Alihesabu hatua zake kwa tasbihi ya Kibudha. Tasbihi hiyo kwa kawaida ina punje 108, yake ilikuwa na 100, ili kila hatua 100 asukume punje moja. Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari aliupata kwa kuchemsha maji na kutazama kipimajoto, maana kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo. Watu hawa waliuthibitishia ulimwengu kwamba nyuma ya Himalaya hakuna mteremko wa kurudi chini. Kuna nchi pana, iliyo juu, inayoendelea mpaka macho yachoke.

Ndipo likazuka tatizo. Wapimaji walipima umbali kati ya vituo viwili vya kaskazini ya India kwa njia mbili: kwa ardhi, na kwa nyota. Majibu yakatofautiana kwa karibu meta 150. Wewe utasema, meta 150 katika kilometa 600 ni nini? Wao hawakusema hivyo.

Kasisi mmoja wa Calcutta, John Pratt, akawaza: timazi, ule uzi wenye uzito anaoutumia fundi kunyoosha ukuta, huvutwa chini na ardhi. Lakini mlima mkubwa nao una mvuto, utauvuta uzi upande wake. Akafanya hesabu ya mvuto wa Himalaya na Tibet, na akapata kwamba timazi ingepaswa kupinda karibu mara tatu ya ilivyopinda. Yaani milima ile ilikuwa inavuta kidogo mno, kama vile ni mitupu ndani.

Mwaka 1855 mtaalamu mkuu wa falaki wa Uingereza, George Airy, akatoa maelezo. Milima si mitupu. Ina mizizi. Chini yake mwamba mwepesi umezama ndani sana, umechukua nafasi ya mwamba mzito, ndiyo maana mvuto ni mdogo.

Chukua ndoo ya maji uelewe. Weka ubao mmoja, utaelea. Weka juu yake ubao wa pili. Sasa mbao zimesimama juu zaidi ya maji kuliko mwanzo, lakini pia zimezama zaidi. Gamba la dunia chini ya nchi za kawaida lina unene wa kilometa 35 hadi 40. Chini ya Tibet ni karibu kilometa 70. Ni mbao mbili.

Basi swali likawa: nani aliyeweka ubao wa pili?

3. BARA LILILOSAFIRI

Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alisema hadharani kwamba mabara yanahama. Wakubwa wengi wa elimu hiyo wakamkataa. Mwaka 1922 Mswisi Émile Argand alisimama kwenye mkutano wa wanajiolojia huko Brussels akaeleza kwamba Asia yote imekunjwa na kubanwa na India. Wegener akafa kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930, na wengi bado hawajamkubali.

Ushahidi uliogeuza mambo ulitoka, kwa sehemu kubwa, katika Bahari ya Hindi hii hii yetu. Mwaka 1962 meli ya Waingereza ilipima usumaku wa sakafu ya bahari kwenye mgongo wa milima ulio chini ya maji kati ya Somalia na India. Mwaka uliofuata, Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha maana ya vipimo vile. Mwamba mpya unazaliwa katikati ya mgongo, unasukumwa pande zote mbili, na kila pande limebeba alama ya usumaku wa zama zake. Sakafu ya bahari inatanuka. Kwa hiyo mabara yanasogea.

Kisa chenyewe ni hiki. India ilikuwa huku kwetu. Ilikuwa imeshikana na Madagascar, na Madagascar ilikuwa imeshikana na Afrika Mashariki. India ikaachana na Madagascar takriban miaka milioni 88 iliyopita, ikaenda kaskazini. Wakati fulani ilikwenda kwa zaidi ya sentimeta 15 kwa mwaka, na kwa bara hiyo ni mbio. Mbele yake ilikuwepo bahari, wataalamu wanaiita Tethys. Sakafu ya bahari hiyo, kwa kuwa ni mwamba mzito, ikawa inazama chini ya Asia. Bahari ikapungua, ikapungua, mpaka miaka milioni 50 hivi iliyopita bara likakutana na bara.

Ndiyo maana juu kabisa ya Everest, meta 8,849, kuna mwamba wa chokaa wenye mabaki ya viumbe wa baharini. Biruni aliyeokota hoja kutoka makombe ya kisimani angelia kwa furaha kuuona.

4. KWA NINI UWANDA, NA SI MLIMA TU?

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa.

Sakafu ya bahari ni nzito, inazama. Bara ni jepesi, halizami. Yakigongana mawili, hakuna anayekubali kwenda chini kirahisi. India ikajipenyeza chini ya ukingo wa Asia, na Asia ikajikunja na kunenepa. Hayo hayakuwa mgongano wa siku moja. India ilipunguza mwendo, lakini haikusimama. Mpaka leo inasogea sentimeta 4 hadi 5 kila mwaka, karibu na mwendo wa kucha zako kukua. Piga hesabu: sentimeta 4 kwa mwaka ni meta 4 kwa karne. Kwa miaka milioni 50 ni kilometa 2,000. Zaidi ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, na ardhi yote hiyo imebanwa, imekunjwa, imepandishwa au imesukumwa pembeni.

Lakini mlima hauwezi kupanda bila mwisho. Gamba likinenepa mno, sehemu yake ya chini inapata joto kali na kulainika. Mfikirie mtu anayerundika uji mzito kwenye sinia. Ukimwaga zaidi hapati mnara, uji unasambaa. Vivyo hivyo Tibet. Ikifika kimo fulani, badala ya kupanda zaidi inatanuka kwenda pembeni. Kilima kinakuwa meza. Ndiyo maana kuna uwanda wa takriban kilometa za mraba milioni 2.5, wenye wastani wa kimo cha meta zaidi ya 4,500. Na ndiyo maana leo, huku India ikiendelea kusukuma, sehemu za Tibet zinapasuka na kuachana kutoka mashariki kwenda magharibi. Zimelemewa na uzito wao wenyewe.

Upande wa kusini, uzito wa Himalaya umeipinda India chini kama tawi lililokaliwa na mtu, likapatikana bonde refu. Mito ikalijaza udongo na mawe ya mviringo. Hilo ndilo bonde la mawe ya Biruni. Yeye aliona limejazwa, na sasa tunajua kwa nini lilikuwepo la kujazwa.

Usije ukadhani kila uwanda wa juu umepatikana hivi. Uwanda wa Iran, ndiyo: Uarabuni ilijitenga na Afrika pale Bahari ya Shamu, ikaenda kuisukuma Iran, milima ya Zagros ikakunjika. Lakini nyanda za juu za Ethiopia na Afrika Mashariki hazikugongwa na mtu. Zimeinuliwa na joto kutoka chini, na huku kwetu ardhi inaachana, haikutani. Sura ni moja, sababu mbili.

Na usidhani Tibet haituhusu. Babu zetu wa pwani waliishi kwa kusi na kaskazi. Kusi, ule upepo uliojaza matanga ya majahazi kutoka Zanzibar kwenda Uarabuni na India, ni sehemu ya mfumo unaopata nguvu Asia inapopata joto. Ukuta wa Himalaya unasaidia kuuimarisha, kwa kuzuia hewa kavu ya baridi ya kaskazini isiingie India. Nahodha wa Unguja hakuwahi kuuona mlima ule, lakini tanga lake lilikuwa linaujua.

5. DENI LA ARDHI

Sasa turudi kwenye swali la yule kijana.

Katika ule mwendo wa India, karibu sentimeta 2 kwa mwaka zinalipwa pale pale chini ya Himalaya. Lakini haziteleza kila siku. Miamba inang'ang'ana, imeshikana, na nguvu inajilimbikiza. Miaka 100, meta 2 za deni. Miaka 500, meta 10. Siku miamba ikishindwa, deni linalipwa kwa dakika chache. Assam na Tibet mwaka 1950, ukubwa wa 8.6. Kashmir 2005. Nepal tarehe 25 Aprili 2015, ukubwa wa 7.8, watu karibu 9,000 wakafa.

Kwa hiyo nilichokisema kwenye darsa kilikuwa kinyume kabisa. Mkono ulioinua Paa la Dunia ndio unaotikisa nyumba chini yake. Mwaka usio na zilzala pale haumaanishi usalama, unaongeza deni.

Na nani anauawa? Si mtikisiko wenyewe kwa kawaida. Ni ukuta. Kule Kashmir madarasa yaliyojengwa vibaya yaliporomoka juu ya watoto. Qadari ya Allah hatuipingi, lakini fundi aliyepunguza saruji na nondo ataulizwa, na aliyempa kibali ataulizwa.

Na mimi je? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kama ningelisema maneno yale nikiwa Muzaffarabad, na baba mmoja akanisikia, akaenda zake nyumbani akajenga bila hofu kwa sababu ustadhi amesema milima imeishika ardhi, damu ya watoto wake ningeijibu vipi?

Ndugu yangu, elimu ni amana. Biruni aliinama akaokota jiwe, akalitazama, akasema alichokiona. Wapimaji walikataa kulifumbia macho kosa la meta 150. Abdul Hamid alikufa njiani na daftari zake. Na sisi tunabonyeza "sambaza" kabla hata hatujamaliza kusoma.

Baada ya wiki chache nilirudi kwenye darsa lile lile, Alasiri ile ile, nikasema: "Siku ile nilikosea, na aliyenisahihisha ni kijana huyu hapa." Hakuna aliyepiga takbira. Lakini mzee mmoja wa safu ya mbele, fundi ujenzi kwa miaka mingi, alinifuata baadaye akaniambia: "Ustadhi, leo ndiyo umefundisha."

Ukiona nimekosea humu pia, niandikie. Usingoje mlangoni.

Allah awarehemu waliokufa Kashmir, Nepal na kwingineko, awape subira waliobaki, na atujaalie ndimi zinazosema tunachokijua tu. Aamiin.

Wallahu a'lam.